Nikichukua "pesa za watoto", nitanyimwa uraia?

SWALI: Mimi ni mama, nakaa Grand Rapids, Michigan. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwezi wa tisa 2022, mimi na watoto wangu wawili (sasa wana miaka 9 na 13) pamoja na binti wa marehemu dada yangu, ana 16. Mume wangu na watoto wetu wengine wawili walibaki kambini, nawatumia pesa kila mwezi. Nina green card. Nafanya kazi kiwandani Kentwood, dola 17 kwa saa. Mwaka 2023 nilipata kama dola 26,000 na sikujaza kodi kwa sababu sikujua. Mwaka 2024 nilipata 34,000. Mtu mmoja alinijazia nyumbani kwake, akakata dola 600. Baadaye nikaona kwenye karatasi ameandika nina watoto watano na kwamba sijaolewa. Namba za hao wawili sijui alizitoa wapi, na jina lake mwenyewe halimo. Mwaka 2025 nimepata tena kama 34,000. Sasa mwenzangu kazini ananiambia hizo pesa za watoto ni msaada wa serikali: nikizichukua sitapewa uraia, mume wangu hatakuja, na Medicaid ya watoto (bima ya afya ya serikali) itakatwa. Naogopa. Niache kujaza?

JIBU: Mama, usiache. Jaza ya 2025, jaza na ya 2023, na ile ya 2024 irekebishwe kabla hujaulizwa. Nimetanguliza jibu kwa sababu siku ya mwisho ya kujaza ni tarehe 15 Aprili, na hofu ya namna hii najua inavyomnyima mtu usingizi. Yanayofuata ni maelezo, na ningependa uyasome yote, maana huyo mwenzako huenda naye anaziacha zake kila mwaka.

Chukua hati yako ya mshahara, ile unayopewa kila wiki mbili. Utaona mistari miwili, Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni. Kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara wako, nayo inakatwa kuanzia dola ya kwanza bila kuangalia una watoto wangapi wala unalipa nyumba kiasi gani. Kwa dola 34,000, hiyo ni kama dola 2,600 kwa mwaka. Wabunge wa Marekani waliona mzigo huo unavyomwelemea mfanyakazi wa mshahara mdogo, na mwaka 1975 wakaweka nafuu ya kodi ya mapato ya kazi, ambayo wengi huiita EITC kwa herufi zake. Sharti lake la kwanza ni kazi. Mtu ambaye hakufanya kazi mwaka mzima hapati hata senti. Mwenzako anaiita msaada, lakini anayeipata ni yule aliyesimama kwenye mashine saa nane kwa siku, na kama hajaijazia fomu haimfuati nyumbani. IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hii, husema yenyewe kwamba kati ya watu watano wanaostahili, mmoja haidai.

Ya pili ni nafuu ya kodi ya watoto. Watu wetu wamezifunga zote mbili katika jina moja, "pesa za watoto", lakini ni vitu viwili vyenye hesabu mbili.

Kwa mwaka 2025, mzazi anayejaza peke yake, mwenye watoto watatu au zaidi wanaokubalika na mapato chini ya dola 61,555, anapata EITC. Kiwango cha juu kabisa ni dola 8,046, na kinapungua kadiri mshahara unavyopanda. Kwa 34,000 yako na watoto watatu, hesabu yangu inakuja karibu dola 5,800. Nafuu ya watoto ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17 mwishoni mwa mwaka: sehemu inafuta kodi uliyokuwa udaiwe, na sehemu unarudishiwa mkononi. Kwako, ya kurudishiwa ni dola 4,725. Jimbo la Michigan linaongeza asilimia 30 ya ile EITC, yaani kama dola 1,740. Jumla inapita dola 12,000, kabla hata ya kuhesabu kodi ya mapato ya serikali kuu iliyokatwa kwenye mshahara wako, ambayo nayo inarudi. Umeona sasa kwa nini nimeanza na neno "usiache"?

Lakini hesabu yote hiyo inategemea neno moja, "mtoto", na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Kwetu mtoto ni yule unayemlisha. Kwa sheria ya kodi, mtoto ana masharti. Awe wa damu, wa kambo, au wa kulea aliyewekwa kwako na mamlaka; au awe mdogo wako, mjukuu wako, mtoto wa kaka yako au wa dada yako. Awe ameishi nawe hapa Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa EITC awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama anasoma muda wote. Na awe na namba halali ya Social Security.

Watoto wako wawili ulionao hawana shida. Wale wawili walio Nyarugusu ni wako, wewe uliyewazaa unajua, na pesa unazowatumia zinakutoka jasho. Ila hawajaishi nawe hapa, kwa hiyo hawaingii kwenye ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka. Hakuna mjazaji mwenye ujanja wa halali wa kuwaingiza. Anayekuambia anaweza, amekwenda kutafuta namba za watoto wa watu wengine.

Sasa huyu binti wa marehemu dada yako. Naomba unijibu kwa usahihi, na umjibu hivyohivyo atakayekujazia: wewe na marehemu mlikuwa na mama mmoja au baba mmoja? Hata mkichangia mzazi mmoja tu, binti ni mpwa wako kwa sheria na anahesabiwa kikamilifu. Lakini kama marehemu alikuwa mtoto wa baba mdogo au wa mama mdogo, ambaye kwetu ni dada kabisa na hakuna anayeuliza zaidi, Marekani inamwita binamu, na mtoto wa binamu hayumo kwenye orodha ya EITC. Mwaka mmoja nilikaa na baba mmoja kutoka Fizi, Kongo, zaidi ya saa nzima juu ya jambo hili. Alikuwa amelea watoto watatu wa "kaka yake" tangu wakiwa wachanga. Nilipochora ukoo kwenye karatasi, kaka huyo alikuwa mtoto wa baba mdogo. Alisikitika, si kwa ajili ya pesa tu. Aliona kama karatasi imemwambia hao si watoto wake. Nilimwambia ninachokuambia na wewe: fomu inauliza la kwake tu, haibadilishi ulivyo kwa mtoto. Kwa mtoto wa namna hiyo, aliyeishi nawe mwaka mzima na unayemtunza, ipo nafuu ndogo ya dola 500. Hesabu ya EITC na ile ya nafuu ya watoto ndizo zingerudi kwenye watoto wawili.

Kwa binti huyu weka akiba ya ushahidi. IRS ikiuliza, haitaki maneno ya mchungaji peke yake. Inataka barua ya shule au ya kliniki yenye jina lake, jina lako kama mlezi, anwani yenu na tarehe. Pamoja nayo, karatasi ya kuonyesha undugu. Zile karatasi za safari mlizokuja nazo zinazoorodhesha familia zisitupwe kamwe.

Twende kwenye ritani ya 2024, na hapa kuna jambo la kuuma. Nimefanya hesabu mara mbili. Yule mtu alikuandika hujaolewa, na kwa kosa hilo akakupa makato madogo ya kawaida (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi), dola 14,600, wakati ulistahili kuandikwa mkuu wa kaya, hadhi nitakayokueleza hapo chini, na kupata 21,900. Kosa hilo likapunguza pesa za watoto za kurudishiwa hadi kama dola 3,900. Ndipo akaongeza watoto wawili wa uongo, zikapanda hadi 4,725. Sasa sikiliza: ungeandikwa mkuu wa kaya, na watoto wako watatu wa kweli, ungepata dola 4,725 zilezile. Na EITC haipandi ukizidi watoto watatu. Ina maana uongo ule, ikiwa binti ni mpwa wako kwa sheria, haukukuongezea kwenye ritani ya serikali kuu hata dola moja ambayo ukweli usingekupa. Ulilipa dola 600 ili ubebeshwe hatari ya bure.

Hatari yenyewe ni hii. IRS ikiamua mtu alidai EITC kwa udanganyifu, inamfungia asiidai kwa miaka 10. Kwa uzembe wa kupuuza sheria ni miaka 2. Kwa familia kama yako, miaka 10 ni pesa ya kununua nyumba. Anayewajibika mbele ya IRS ni wewe uliyetia sahihi, hata kama hukuelewa ulichotia sahihi. Mtu aliyelipwa kujaza ritani anatakiwa na sheria aweke sahihi yake na namba yake ya kazi inayoitwa PTIN, na akupe nakala. Asiyeweka jina anajificha, na hiyo peke yake inatosha kumkimbia. Kimbia pia anayetoza asilimia ya marejesho, anayekuahidi kiasi kabla hajaona W-2 yako (karatasi ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri), na anayetaka marejesho yapitie akaunti yake. Na anayekuahidi pesa hizi mwezi wa kwanza anakuuzia mkopo, kwa sababu kwa sheria IRS haitoi marejesho yenye EITC kabla ya katikati ya Februari.

Kwa hiyo 2024 inarekebishwa kwa fomu 1040-X: hadhi iwe mkuu wa kaya, watoto wabaki watatu, zile namba mbili ziondolewe. Kwa kuwa kuna namba za Social Security za watu usiowajua, usiende peke yako. Tafuta kliniki ya walipakodi wa kipato cha chini, kwa kifupi LITC. Huko wapo mawakili na wahasibu wanaomsimamia mtu mbele ya IRS bure au kwa ada ndogo sana. Mwambie ukweli wote, pamoja na zile dola 600. Anayekwenda mwenyewe kusahihisha hatazamwi sawa na aliyengoja kukamatwa.

Huyo "mkuu wa kaya" ni nani, maana mume wako yu hai? Sheria inakuruhusu ujaze hivyo ukiwa na ndoa, ikiwa mume hakuishi nyumbani kwako katika miezi sita ya mwisho ya mwaka, wewe ndiye unayelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na mtoto wako anaishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Wewe umo. Ila neno "hujaolewa" lile liondoke haraka, kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru mume wako. Kwenye faili lako la ukimbizi ameandikwa kama mume. Ofisa wa uhamiaji akiweka karatasi mbili mezani, moja inasema una mume na nyingine inasema hujaolewa, ataanza kuuliza maswali ambayo familia iliyo kambini haihitaji.

Kujaza kodi kwenyewe hakumzuii mume kuja. Kama uliwasilisha I-730, ombi la mkimbizi la kuletewa mume na watoto, ndani ya miaka miwili baada ya kufika, endelea kuifuatilia. Kama hukuwahi, njia inayobaki kwa mwenye green card ni I-130, ombi la kawaida la kumleta jamaa, na mwishoni mwa njia hiyo utaombwa hati ya kumdhamini, I-864, ambayo inaambatana na ritani yako ya kodi. Bila ritani utamdhamini kwa nini? Mambo ya uhamiaji yamebadilika sana tangu Januari 2025, kwa hiyo hilo mpelekee wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Usimpelekee mjazaji wa kodi, hata mimi.

Uraia sasa. Hapa mwenzako amegeuza mambo juu chini. Hakuna swali kwenye fomu ya uraia, N-400, linalosema "je, uliwahi kuchukua EITC?" Yapo yanayohusu kodi, na kwenye usaili unaweza kuulizwa kama tangu upate ukaazi wa kudumu kuna mwaka ulitakiwa kujaza ritani na hukujaza. Tena angalia green card yako: kwa aliyekuja kama mkimbizi, tarehe ya kuanza ukaazi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Yaani wewe unahesabiwa mkaazi tangu Septemba 2022. Mwaka 2023 ulipata dola 26,000, kiasi kinachomlazimu mtu kujaza. Kuacha ndiko kungekuletea maswali kwenye usaili. Miaka yako mitano inatimia Septemba 2027. Ile ya 2023 ina mwisho wake pia: marejesho hudaiwa ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo baada ya tarehe 15 Aprili 2027 pesa hizo zinabaki serikalini. Ni kiasi gani? Kwa mshahara ule na watoto watatu, EITC inakaribia dola 6,500, za watoto kama 3,500, na Michigan karibu 1,950.

Medicaid nitaipitia upesi. Marejesho ya kodi hayahesabiwi kama mapato kwenye mipango inayolipwa na serikali kuu, na ukiyaweka benki hayahesabiwi kama mali yako kwa miezi 12. Kwa hiyo hayakati Medicaid wala kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula. Kilichobadilika ni kingine: sheria ya Julai 2025 iliwaondoa kwenye chakula cha EBT wakimbizi ambao bado hawajapata green card. Wewe unayo. Kama kadi yako ilikatwa, omba tena kupitia MI Bridges, tovuti ya misaada ya jimbo.

Kuna jambo moja la Michigan ambalo lugha yetu inalificha. Sisi tunasema kodi ya nyumba, tunasema kodi ya mapato; neno ni lilelile, na watu wakisikia "kodi" hawafikirii kwamba hata ile ya mwenye nyumba inaweza kuwarudishia kitu. Inarudisha. Jimbo linachukulia asilimia 23 ya ulichomlipa mwenye nyumba kama kodi ya ardhi, na likiona ni kubwa kuliko uwezo wako linakurudishia sehemu. Fomu yake ni MI-1040CR. Kama unalipa dola 1,100 kwa mwezi, kwa mapato yako ingekuja zaidi kidogo ya dola 1,100 kwa mwaka. Karibu kila mwaka nakutana na mtu aliyekaa hapa miaka mitano na hajawahi kuijaza. Uliza pia kuhusu nafuu ya gharama za kupasha nyumba joto, MI-1040CR-7, ambayo mwisho wake ni 30 Septemba.

Na upande wa kulipa: mji wa Grand Rapids unatoza wakazi wake asilimia 1.5 ya mapato. Kiwanda chako kiko Kentwood, mji usiotoza, kwa hiyo inawezekana mwajiri hakati. Angalia W-2 yako chini, kisanduku cha 19. Kikiwa kitupu na unaishi ndani ya mipaka ya mji, unadaiwa karibu dola 500 kwa mwaka, na ritani yake ni ya tarehe 30 Aprili. Bora uzitoe kwenye marejesho kuliko kupata barua miaka mitatu baadaye pamoja na faini.

Piga simu 211, namba ya kuelekezwa kwenye huduma, useme unataka VITA ya karibu. Huo ni mpango wa kujaziwa kodi bure uliopo tangu 1969, kwa watu wenye mapato madogo na ya kati. Waulize kama wanajaza miaka ya nyuma, maana si vituo vyote vinavyofanya hivyo. Nenda na kitambulisho, kadi za Social Security za nyote wanne, W-2 za 2023 na 2025, nakala ya ile ritani mbaya, jina na anwani ya mwenye nyumba pamoja na risiti, na namba za akaunti yako ya benki. Hundi za karatasi IRS ilianza kuziacha tangu 30 Septemba 2025, kwa hiyo akaunti iwe ya jina lako mwenyewe.

Useme mapema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili. Vituo hivi vinaweza kumpata kwa simu. Usimbebeshe yule wa miaka 13 kazi ya kutafsiri, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wote nyumbani. Utaulizwa habari za mume wako na za marehemu dada yako, na utahitaji kuzijibu bila mtoto kusikiliza.